Kiingereza kinakugomea kwenye kusoma na kujaza nafasi? Tutafute kilipokwama

Mi nina kiduka cha steshenari hapa Bagamoyo, natoa kopi, naprinti, nauza madaftari, na kwa vile wanafunzi wengi wanakuja kutoa kopi za mazoezi ya Kiingereza nimejikuta nimegeuka mwalimu wa bure. Mtu anakuja na karatasi ya sentensi kumi, kila moja ina nafasi imeachwa wazi katikati, kashajaza, kashasahihishwa, kapata tatu. Anailaza kwenye kaunta anasema anko, Kiingereza kimenikataa mimi. Ukimuuliza kimekukataa wapi anakwambia sijui maneno. Basi anaenda kukariri maneno hamsini, wiki inayofuata anarudi kapata tatu ile ile.

Kwahiyo kabla hujakariri chochote, fanya hivi. Kusanya karatasi zako ulizokosea mpaka upate makosa kama 20, alafu pembeni ya kila kosa andika herufi moja. M kama kwenye sentensi kulikuwa na neno hulijui kabisa. J kama maneno yote unayajua ila ulichojaza hakikai na jirani yake. K kama umekosea kale kaneno kadogo, in, on, at, of, to na wenzake. W kama neno lenyewe ni sawa ila wakati wake umepinda. Hesabu. Kwa karatasi zinazopita kwenye kaunta yangu, wanaosema hawajui maneno wakihesabu wanakuta M ni chache, zimejaa J na K, yaani mtu alikuwa anakunywa dawa ya ugonjwa ambao hana.

Sasa tuje kwenye dalili moja moja.

Maneno yote unayajua lakini ulichojaza kinawekewa kosa

Hii ndo kubwa kuliko zote, naomba ukae nayo. Kuna kijana mmoja anajiandaa kuwa mwongoza watalii, mkali kwenye kuongea, alipewa sentensi "Can I ___ a photo of you?" akajaza "beat". Tulicheka mpaka mama wa mihogo jirani akaja kuuliza kuna nini, ila ukimfikiria vizuri huyo kijana hajakosea kwa ujinga, yeye kichwani kwake picha inapigwa. Na kwetu inapigwa kweli. Tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, tunapiga magoti, tunapiga miayo, tunapiga kura, na hakuna hata kimoja hapo kinachoumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikuuliza kwanini mswaki unapigwa utamwambia nini? Utamwambia ndo tunavosema, basi.

Kiingereza nacho kina watu wake wa namna hiyo. Picha wao "wanaichukua", take a photo. Simu "wanaitengeneza", make a phone call. Pasi haina msaidizi, ni iron tu. Kosa ni make a mistake, kelele ni make a noise, uamuzi ni make a decision, ila homework ni do, kazi za nyumbani ni do the housework, na kifungua kinywa ni have breakfast. Ukikaa kutafuta sababu kwanini uamuzi ni make na homework ni do utapewa kanuni, watu wanazo, wanakwambia make ni kuunda kitu kipya na do ni kutenda, alafu unafika kwenye make the bed unajiuliza kitanda kipya kimeundwa saa ngapi. Mi hiyo kanuni nilishaiacha.

Chanzo cha tatizo ni kwamba unajifunza neno likiwa peke yake. Kwenye daftari umeandika "decision = uamuzi", umefunga. Siku ya zoezi wanakuuliza mwenzake, humjui, unatafsiri kutoka Kiswahili, "toa uamuzi", unajaza give, kosa. Dawa yake ni kubadilisha jinsi unavoandika daftari. Usiandike neno, andika kundi zima kama ulivolikuta kwenye maandishi, "make a decision about", na chini yake sentensi yako moja ya maisha yako ya kweli. Na unaposoma, kila ukikutana na jina la kitu unalolijua tayari, rudisha jicho nyuma uone kitenzi gani kimelileta. Hilo rudisha jicho ndo zoezi lenyewe, sekunde moja tu, ila watu wengi wanaposoma wanaruka maneno wanayoyajua wanakimbilia magumu, kumbe majibu ya mapengo yako kwenye hayo rahisi.

Kitu kingine, soma upande wa kulia wa pengo kabla hujajaza. Watu wanasoma mpaka kwenye pengo wanasimama, wanajaza, wanaendelea. Pengo lina majirani wawili, na mara nyingi anayekupa jibu ni wa kulia.

Vineno vidogo vinakumaliza

In, on, at kwanza. Sisi tuna "-ni" inayofanya kazi yote. Simu iko mfukoni, kikombe kiko mezani, mama yuko nyumbani. Mkia ni ule ule mara tatu. Kiingereza kinataka uangalie kitu kimekaaje: kiko ndani kimezungukwa, in the pocket, kimekaa juu ya uso wa kitu, on the table, ni sehemu tu ya kuwepo, at home. Kwahiyo ukiona pengo la mahali usijiulize Kiswahili chake maana kitakujibu "-ni" na hutatoka hapo, jione wewe unakitazama kile kitu kwa macho.

Kwenye muda ni rahisi zaidi, wanashuka kama ngazi. Kipande kikubwa cha muda ni in: in 1868, in February. Siku ni on: on Monday. Saa ni at. Mfano wa hapa hapa kwetu: "The Catholic mission in Bagamoyo was founded ___ 1868 ___ the Holy Ghost Fathers." La kwanza in kwasababu ni mwaka, la pili by kwasababu kuna was founded, ilianzishwa na nani. Watu wengi hilo la pili wanajaza with, kwasababu "na" yetu ni with pia. Tuna "na" moja inafanya kazi tatu, and, with na by, wao wamezigawa.

Alafu kuna vile vinavyoshikana na kitenzi, wait for, ask for, listen to, depend on, look after. Hapa siri ni kwamba sisi hivyo vineno tunavimeza ndani ya kitenzi. Cheka, chekea. Omba, ombea. Lia, lilia. Mwingereza hana hiyo mashine, kwahiyo anakitoa nje anakiweka nyuma. Ukishajua hivo unaacha kuviona kama takataka zilizomwagika kwenye sentensi, ni sehemu ya kitenzi, vinaandikwa pamoja naye kwenye daftari. Look, look for, look after, look forward to ni vitenzi vinne tofauti, vitreat kama vinne. (Na huyo wa mwisho ana kisirani, baada yake inakuja -ing, "I look forward to seeing you", sio to see.)

Na kinyume chake pia kipo. "We discussed about the price" haipo japo wote tunaisema, discuss hataki mtu. Enter the room, reach Bagamoyo, marry her, hivi vyote vinakwenda vikavu.

Wakati umepinda: ugonjwa wa "ame-"

Sentensi: "Don't make noise, the baby ___ (sleep)." Tisa kati ya kumi wanajaza has slept. Kwanini? Kwasababu mtoto amelala, na shuleni tulifundishwa ame- ni has. Imekaa kichwani kama msumari. Jibu ni is sleeping.

Ame- yetu ina kazi mbili na hakuna aliyetuambia. Amefika, amemaliza, amevunja, hapo jambo limetokea limekwisha, ni has arrived, has finished, has broken. Ila amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, hapo mtu yuko kwenye hali muda huu, na Kiingereza kinatumia is: is sleeping, is sitting, is standing, is wearing, is tired.

Kuzitofautisha mi natumia "bado". Weka bado mbele yake usikilize sikio lako. Bado amelala, inakubali. Bado amesimama, inakubali. Bado amevaa kofia, inakubali. Bado amefika... hapana, hakuna anayeongea hivo. Ikikubali bado nenda na is, ikikataa nenda na has. Sio sheria ya kwenye vitabu, nimeigundua nikiwa nafuta wino wa mashine, ila mpaka leo haijanitupa mara nyingi.

Upande wa pili wa ugonjwa huo huo ni jana. Mtaani tunasema "kaja jana" bila shida yoyote. Kiingereza ukishataja yesterday, last week, in 2019, two days ago, has inakufa palepale, ni came tu. Kwahiyo kabla ya kujaza kitenzi zungusha jicho sentensi nzima utafute neno la muda uliokwisha, ndo bosi wa hapo.

Na la tatu: "naishi Magomeni miaka kumi sasa" wengi wanaandika "I live in Magomeni ten years". Jambo limeanza zamani bado linaendelea, hapo ndo has na have wanapostahili kweli, I have lived in Magomeni for ten years. For inabeba kiasi, since inabeba tarehe ya kuanzia.

Umesoma habari nzima, ukiulizwa nani kafanya nini unaduwaa

Hapa tusome kipande, nimekiandika mwenyewe kwa ajili ya vijana wangu, kinahusu Susi na Chuma, wahudumu wa yule mmisionari Livingstone, walivoubeba mwili wake, safari ambayo kila mtu Bagamoyo anaijua:

"When Livingstone died in 1873, Susi and Chuma did not leave him there. With the others they dried his body, wrapped it and carried it to the coast. It took them about nine months to reach Bagamoyo."

Binti mmoja wa Form Two akasoma vizuri kabisa, alafu akauliza: anko, mwili uliwachukua wapi hawa? Nikashangaa, kumbe ameona it mbili za kwanza ni mwili, akaendelea na ya tatu akaifanya mwili pia, na took si ni kuchukua. Ukifuata akili yake yuko sawa, mwili umewachukua watu miezi tisa. Ila it ya tatu sio kitu chochote, ni kishikilia nafasi tu, "iliwachukua miezi tisa", na hata sisi hiyo i- ya iliwachukua ukiulizwa ni nini huna jibu.

Tatizo liko hivi. Kiswahili kinatubebea mizigo: ukisema waliufunga wakaubeba, hiyo -u- inakwambia ni mwili, ingekuwa kitabu ingekuwa -ki-. Mwingereza ana it moja kwa vitu vyote duniani. Alafu kwa watu ni kinyume, sisi yeye ni yeye, wao wana he na she, na anayesoma haraka anaziona kama neno moja, kwahiyo dada anapewa makosa ya kaka mpaka mwisho wa hadithi. Dawa ni penseli. Kila he, she, it, they, him, them unayokutana nayo chora mshale mpaka kwa mwenyewe. Ukikosa pa kuupeleka mshale, ujue ama umepotea ama ni ile it ya kushikilia nafasi. Fanya habari tano hivo, ya sita macho yatakuwa yanachora yenyewe.

Saa

Fupi hii lakini inagharimu hela. Jamaa yangu wa bodaboda alitumiwa meseji na mtalii, "Please pick me up at 8, I want to see Kaole." Kaole kwenye magofu ni kilomita kama 5 kutoka mjini, biashara nzuri. Yeye kasoma 8, nane, akaenda saa nane mchana kavaa shati safi. Mama wa watu alishaenda na bajaji asubuhi, karudi, yuko kwenye kiti anakunywa madafu. Kiingereza kinahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunaanzia jua linapochomoza, tofauti ni sita siku zote. 8 yao ya asubuhi ni saa mbili. Kwenye maswali ya ufahamu ukiona saa, iandike pembeni kwa Kiswahili kabla hujasoma mstari unaofuata.

Unasoma ukurasa mmoja kwa saa nzima na kamusi mkononi

Hapo hauna tatizo la kusoma, una maandishi yasiyo ya kwako bado. Watafiti wa usomaji, Paul Nation ni mmoja wao, wanasema ili uelewe maandishi vizuri bila msaada inabidi ujue karibu asilimia 98 ya maneno yake, yaani kwenye maneno 100 usiyoyajua yasizidi mawili. Hesabu mwenyewe, weka kidole, maneno mia, kila usilolijua kunja kidole. Vikikunjwa vitano na kuendelea rudisha hicho kitu, chukua chepesi, hata kama ni cha watoto wa darasa la nne na we uko Form Three, aibu weka mfukoni (in the pocket, unaona).

Ujanja ninaoupenda zaidi: soma habari ambayo tayari unaijua. Mechi ya Simba na Yanga umeiangalia jana kibandani, leo tafuta ripoti yake kwa Kiingereza. Nani kafunga unajua, dakika ya ngapi unajua, kadi unajua, kwahiyo neno geni likitokea akili inalikamata yenyewe bila kamusi.

Na wale mnaosoma kwa sauti mkidhani ndo kuelewa: mdomo ukishughulika na though, through, tough na thought, ambazo zote zina ough na kila moja inatamkwa kivyake, kichwa hakibaki na nafasi ya maana. Sisi tumezoea herufi zetu hazidanganyi, zao zinadanganya. Soma kimya kwanza uelewe, sauti iwe mzunguko wa pili.

Kwenye simu unapata zote, kwenye karatasi unafeli

Programu za simu zinakupa majibu manne uchague. Kulitambua jibu ukiliona na kulitoa mwenyewe kichwani ni kazi mbili tofauti, kama kumtambua mtu sura na kulikumbuka jina lake. Funika majibu kwa kidole, taja lako kwanza, alafu ndo ufunue.

Au jitengenezee mazoezi mwenyewe, ni bure. Njia hii ya kufuta maneno ilianzishwa na Mmarekani Wilson Taylor mwaka 1953, na yeye wala hakuwa anapima wanafunzi, alikuwa anapima maandishi yenyewe ni mepesi au magumu kiasi gani kwa wasomaji. Chukua kipande ulichokisoma na kukielewa, kiandike kwenye daftari, kila neno la saba weka mstari badala yake, funga daftari. Kesho kutwa jaza, alafu linganisha na asili. Usichague maneno ya kufuta, hesabu tu saba saba, ukichagua utafuta yale magumu unayojivunia kuyajua na the hautaigusa kamwe.

Vidogo vidogo

An hour lakini a university, unasikiliza sauti, sio herufi. News ni moja japo habari zetu ni nyingi, the news is good. Information, advice, furniture, luggage hazichukui s. I am boring ni kujitukana, ulitaka kusema bored.

Una uhakika uko sahihi na bado umewekewa kosa

Inatokea. Pengo linaweza kuwa na majibu mawili, na mwenye majibu ana moja kwenye karatasi yake. "We walked ___ the beach", along ni sawa, to ni sawa, on ni sawa, inategemea mlikuwa mnafanya nini. Nenda kwa mwalimu na sentensi nzima umuulize kwa adabu, mwalimu samahani, hii ingekuwa na maana gani?

Na saa nyingine kosa ni la karatasi. Niliwahi kutoa kopi za zoezi moja, karatasi ikakaa upande kwenye mashine, ukingo wa kulia ukaliwa kidogo, sikuona. Sentensi ilikuwa "She was born ___ May 4", kwenye kopi zangu ikaishia "May". Vijana wote kumi na mbili wakajaza in, mwalimu akawawekea kosa kwasababu majibu yake yalisema on, wakaja dukani wamenuna. Nikachukua asili nikaiweka juu ya kopi, tukaona ile 4 haipo. Niliwarudishia hela zao za kopi, shilingi mia mia.